Mguu Mpya Ndani ya Eda

Jumatatu, 12 Agosti

Wamepiga simu. Nilikuwa nachambua mchele, ikalia mpaka ikakata, ikalia tena. Dada wa ustawi wa jamii, anaitwa Zuhura, sauti ya mtu aliyepiga simu nyingi tangu asubuhi. Kasema miguu ya bandia imefika na wangu umo. Jumatano ya wiki ijayo, hospitali ya wilaya, niende mwenyewe nikajaribishwe. Hawamkabidhi ndugu, hawatumi kwa bodaboda. Asiyekuwapo na lake halipo — hakutamka hivyo, ila ndiyo maana yake.

Miaka mitatu! Tangu ile pikipiki pale Kerege iniondolee mguu wa kulia chini ya goti, nimeandikishwa hata sijui mara ngapi. Mara mpango ni wa watoto tu. Mara fedha hazijashuka. Aprili mwaka huu ndipo wakaja kweli, wakanifunga plasta kuchukua umbo la kigutu. Mume wangu Sufiani alinibeba mgongoni kutoka geti la hospitali, maana magongo yalikuwa yamenichubua makwapa. Watu wakatukodolea macho. Yeye akasema waache watazame, hawalipi.

Sasa mume wangu yuko makaburini tangu Juni na mimi nimo ndani, nakaa eda. Miezi minne na siku kumi. Mguu niliousubiri miaka umekuja wakati ambao sitoki nje. Ningecheka kama ningekuwa na nguvu.

Jumanne, 13 Agosti

Nimemwambia mavyaa. Nilingoja amalize chai yake. Bi Mwanamkasi, mama yake Sufiani, si mkali hata kidogo. Ni mtu wa taratibu, na taratibu zake hazipindi. Akaniuliza, huo mguu unakuja na kiatu? Nikasema ndiyo, raba nyeusi.

"Mwanangu," akasema, "mjane havai kipya. Hana wanja, hana hina, hana manukato. Mguu mpya na kiatu kipya, hilo si pambo?"

 Mchana kutwa nimekaa na swali hilo — mguu ni pambo? Mwenye yake miwili hajawahi kuulizwa. Nikatambaa mpaka chooni na kurudi, bila pambo.

Wifi yangu Nadhira, anayekaa nyumba ya pili, kapita jioni. Kasema tusibishane wenyewe kwa wenyewe, aulizwe Maalim.

Ijumaa, 16 Agosti

Maalim Mwishehe kaja baada ya sala. Alisimama ukumbini, mimi nyuma ya pazia. Nadhira akaeleza. Maalim akauliza jambo moja tu: bila huo mguu, anakwendaje msalani? Nadhira akamwambia. Nikasikia anakohoa.

"Mguu ni haja, si pambo," akasema. "Na kutoka mchana kwa haja yake inafaa, mradi arudi kwake kabla ya jua kuzama."

Nimelia. Nililia kwa Sufiani nikadhani machozi yamekwisha, kumbe yapo. Mavyaa naye akasema alhamdulillahi, akamkaribisha Maalim tende. Maalim alipoondoka tu, mavyaa akatoa lake huku anakunja mkeka: Maalim karuhusu kwenda. La kuvaa hakulitaja.

Ati!

Jumatano, 21 Agosti

Tumekwenda, mimi, mavyaa na Nadhira. Nimechoka mpaka vidole vinauma kushika kalamu, lakini hili lazima niliandike.

Bajaji mpaka mlangoni. Mavyaa kanifunika baibui na juu yake ushungi wake, nikawa sioni hata njia. Tangu Juni sikuwa nimeliona jua namna ile. Benchi zimejaa. Mvuvi wa Mlingotini ambaye kisukari kimemmaliza mguu. Mama wa Kiwangwa, watu wa kwetu, kampakata mwanawe mkubwa anayengoja kiti cha magurudumu, na viti vimepangwa ukutani bado vina nailoni. Kwa nini havigawiwi? Mgeni rasmi hajafika. Tumemngoja mgeni rasmi mpaka adhuhuri. Alipofika akasema serikali inatujali, tukapiga makofi, wenye mikono. Kisha tukapigwa picha kila mmoja kaushika mguu wake mkononi. Nilijiona mjinga. Nikaushika hivyo hivyo.

Rangi yake si yangu. Si ya mtu yeyote ninayemjua.

Fundi anaitwa Bwanaheri, mtu mzima, macho mekundu ya usingizi. Nadhira alisimama karibu yangu muda wote, kama adabu inavyotaka. Fundi akaniingiza kigutu kwenye ile sehemu ya juu ya plastiki, wao wanaiita soketi. Ukingo ukanibana. Akachukua mashine inayopuliza hewa ya moto, akaupulizia ukingo, plastiki ikalainika kama ugali, akaupanua kwa dole gumba, akaupoza kwa maji. Akanivisha tena. Akasema simama, ushike bomba huku na huku.

Nikasimama.

Nilikuwa nimesahau urefu wangu! Miaka mitatu nimewatazama watu kutoka chini au nimejikunja juu ya magongo. Leo nimemtazama mavyaa nikauona utosi wake. Kumbe ni mfupi. Akainamisha uso.

Bwanaheri kanipa masharti. Niuvae kila siku, nianze kidogo kidogo, kwa sababu kigutu kisipofanya kazi hubadilika umbo na soketi itanikataa. Oktoba watapita majumbani kukagua. Wakikuta mguu haufanyi kazi wanauchukua, wapo wengine wanaungojea. Akamgeukia mavyaa kwa heshima, akamwambia mama, mguu huu usikae juani wala jikoni. Mavyaa akamjibu kwamba amesikia, jikoni hautaingia.

Nimerudi kabla ya magharibi. Nimekitazama cherehani changu pale pembeni, kimefunikwa shuka tangu ajali. Ni cha kukanyaga. Hilo ndilo ninalolitaka kwa Mungu: nikanyage cherehani changu, nishone, nijiendee chooni, nisimwite mtu.

Alhamisi, 22 Agosti

Mguu umo ndani ya sanduku la mavyaa. Umefungwa. Ufunguo uko kwenye pindo la kanga yake.

Mpaka eda iishe, kasema. Nimemwambia fundi kasema kila siku. Kasema fundi ni fundi.

Jumapili, 1 Septemba

Hakuna jipya. Joto. Kigutu kimevimba, nakizungushia bendeji asubuhi na jioni kama nilivyofundishwa. Nadhira kajaribu kumsemesha mama yake, akajibiwa kwa upole, akaondoka na upole wake. Simlaumu. Ugomvi na mtu mpole unachosha kuliko kubeba maji.

Alhamisi, 5 Septemba

Bendeji. Mchele. Simu ya kaka Mohamedi kutoka Kiwangwa: eda ikiisha anakuja kunichukua. Kanitengea chumba cha nyuma, karibu na shamba la mananasi. Nimemwambia sawa. Sikumwambia habari ya mguu, maana ningeanza angetaka kuja leo, na vita sina haja navyo.

Jumatatu, 16 Septemba

Maulidi. Kutwa nzima mji unaimba. Nimesikiliza dufu kutoka kitandani. Mwaka jana Sufiani alinikalisha barazani kwa akina Nadhira, akaniletea kashata mfukoni, zimeyeyuka zote.

Mavyaa kaenda na karudi mapema, kabeba pilau kwenye sahani iliyofunikwa. Tumekula sote, yeye kidogo sana. Tangu Juni anakula kama ndege. Nikathubutu. Nikamwambia mama, mguu utaharibika sandukuni, watakuja kuuchukua.  Akakusanya punje za wali moja moja kwenye mkeka. Nilidhani hatajibu.

"Ukishatembea utakwenda kwenu," akasema. "Na mimi nitabaki na nani?"

Basi. Si pambo, si eda. Mwanawe alikuwa mmoja wa kiume, kazikwa. Nadhira ana mume na nyumba yake. Mimi sina mtoto wa kunifunga hapa. Kilichobaki cha Sufiani ndani ya nyumba hii ni mimi, na siwezi kuondoka kwa sababu sina mguu. Nilipaswa kukasirika. Nilikasirika, lakini hasira yenyewe ilikuwa imechoka.

Sikumwambia kwamba nitabaki. Siwezi kumdanganya, na ukweli wenyewe siujui.

Ijumaa, 20 Septemba

Zuhura kapiga tena. Ukaguzi ni baada ya katikati ya Oktoba. Kauliza naendeleaje na mazoezi. Mavyaa alikuwa anakuna nazi, kasikia kila neno, simu yangu inapaza. Nikasema naendelea. Mbuzi ya nazi ikanyamaza kidogo, kisha ikaendelea.

Baada ya isha kaniita. Kasema utavaa. Kesho. Hakutaka mtu aje kusema kwamba mke wa Sufiani alinyang'anywa mguu wake nyumbani kwa Mwanamkasi. Lakini si kienyeji, kasema. Kitu kilichotoka mikononi mwa watu usiowajua kinaingia mwilini mwako, ni lazima kiandaliwe.

Nikasema sawa mama. Ningesema sawa kwa lolote.

Jumamosi, 21 Septemba

Kauandaa.

Baada ya alasiri nilisikia harufu ya udi, ule udi mzuri anaouweka kwa harusi. Nikafikiri anafukiza nyumba. Kumbe chumbani kwake kaweka chetezo sakafuni, makaa yamekolea, kakifunika kwa lile tenga la kufukizia nguo, na nguo nzito juu yake moshi usitoke. Ndani ya tenga, mguu wangu! Kausimamisha kichwa chini, soketi imeukabili moto, ili moshi uingie ndani kabisa. Mpaka magharibi.

Kaniletea kaushika kwa mikono miwili. Unanukia, hakika. Machoni alikuwa na ile nuru niliyoiona siku ya harusi yangu, aliponifunika kanga yake kichwani. Kapiga magoti mwenyewe — mama mtu mzima, magoti yake mabovu — akanivisha soksi, kisha mguu.

Haukuingia. Akasukuma. Ukaingia nusu, ukingo ukanizama nyamani chini ya goti. Nikautazama vizuri. Upande mmoja umejikunja kwa ndani. Umepinda.

Nikakumbuka mashine ya Bwanaheri, hewa ya moto, plastiki inavyolainika. Nikaelewa yote mara moja.

"Unabana?" akaniuliza.

Na alikuwa anatabasamu. Tangu tulipomzika Sufiani sijayaona meno yake.

Nikasema haubani, mama. Ahsante.

Jumapili, 22 Septemba

Nimechanika. Nimejaza vipande vya fulana ya zamani kati ya ngozi na plastiki. Afadhali kidogo. Gongo moja mkononi, nikaenda kutoka kitandani mpaka mlangoni. Mavyaa akanitazama, akajifuta macho. Akasema udi ule ulikuwa wa marehemu baba yake Sufiani, alikuwa anauweka kwa siku kubwa.

Sasa nitamwambiaje?

Jumatano, 25 Septemba

Leo kala sahani nzima. Kaomba hata ukoko.

Jumapili, 29 Septemba

Nadhira kanishtukia. Kasema wifi, mbona unatembea umeuma meno? Nikasema ndiyo mazoezi. Akataka kuuona mguu. Nikamwambia nimekwisha kuuvua, kesho. Mavyaa akamwambia kwa fahari kwamba yeye alishika amana ya fundi: juani haujakaa, jikoni haujaingia hata siku moja. Kweli tupu. Chetezo si jiko. Nani angefikiri kumkataza mtu chetezo? Huko wanakofundishia mafundi, nadhani udi hawaujui.

Nimewaza kupinda ukingo mwenyewe kwa moto. Nikaogopa nitauharibu zaidi.

Jumamosi, 5 Oktoba

Usaha. Nimeosha kwa maji ya chumvi. Sijauvaa leo, nimesingizia homa. Mavyaa kanipikia uji wa pilipili manga, kaketi ukingoni mwa kitanda, kaniambia hadithi ya Sufiani alivyokuwa mdogo akiogopa kunyolewa. Tumecheka wote wawili. 

Nimechoka kusema haubani.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimepiga hesabu ya mambo, si ya fedha. Nikisema ukweli kwa fundi, pengine watanitengenezea soketi nyingine — lini? Pengine watauchukua wote waseme umetunzwa vibaya. Na mavyaa atajua. Mtu aliyemzika mwanawe juzi aje aambiwe kwamba kwa mkono wake, kwa udi wake wa siku kubwa, kamharibia mkwewe mguu. Atakufa na hilo.

Nisiposema, nitakuwa na jeraha badala ya mguu. Nilikijaribu cherehani jana. Nilikanyaga mara moja tu, nikaona nyota.

Jumatatu, 14 Oktoba

Sikukuu, kila mtu yuko nyumbani. Kaka Mohamedi kapiga: Jumamosi anakuja na gari ya mtu. Mavyaa alikuwa karibu. Kauliza gari itafika saa ngapi, apike. Hakuna zaidi.

Jumatano, 16 Oktoba

Nimetoka eda.

Wamekuja wanawake wachache. Wakaniogesha, nikavikwa nguo mpya, kanga mpya, nikafukizwa mimi sasa, na udi ule ule. Nilipousikia moshi ukipanda nguoni nikaanza kulia, wakasema namlilia mume. Nikawaacha waseme hivyo. Namlilia pia.

Walitaka nitoke mlangoni kwa miguu yangu. Nikatoka na gongo moja, mguu umejazwa vitambaa, mpaka barazani, wakapiga vigelegele vya chini chini kwa heshima ya marehemu. Mavyaa alisimama nyuma yangu kiganja mgongoni. Akaninong'oneza kwamba Jumamosi nikienda niuchukue na ule udi uliobaki, niwe naufukiza mguu mwenyewe.

Kesho ndiyo ukaguzi.

Alhamisi, 17 Oktoba

Wamefika. Gari ya serikali imeegeshwa mbele, watoto wa mtaa wameizunguka. Zuhura, na Bwanaheri mwenyewe. Wamo ukumbini. Zuhura kaniambia nikavae, niwaite nikiwa tayari. Nitembee mbele yao, kisha nivue waione ngozi.

Nimevaa. Soksi ina damu ya jana. Nimekaa kitandani naandika.

La kusema ninalo. Nitasema niliuacha juani. Mimi, kwa uzembe wangu. Wakiuchukua, wauchukue, nirudi kwenye foleni. Nimekwisha kuizoea foleni. Mavyaa asijue maisha yake yote.

Nasikia kila kitu, mlango umerudishwa tu. Anawakaribisha chai. Zuhura anasifu maandazi. Bwanaheri anauliza mguu unatunzwaje hapa nyumbani.

"Vizuri sana, baba," mavyaa anasema. "Juani haujakaa, jikoni haujaingia. Na udi nimeufukiza kwa mkono wangu mimi."

 Kijiko kimeacha kugonga kikombe.

Bwanaheri anauliza, polepole: uliufukizaje, mama?

Anamweleza! Kwa furaha, kama bibi harusi anayeonyesha nguo zake. Chetezo, tenga, makaa yalivyokolea. Sasa amefika pale alipougeuza kichwa chini. Akimaliza tu, yule atamwambia kwamba makaa yake ndiyo yaliyoupinda. Hana ubaya, ni fundi, atamwambia tu.

Magongo yangu yako kule dirishani. Nikiyafuata nitachelewa. Nakwenda hivi hivi —